Meza Inayotazama Mlango

Celestina Keji alifika Arua, karibu na mpaka wa Zaire, akiwa mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, akapewa kutunza maktaba ndogo ya mji. Mwanzoni watu hawakuazima vitabu hata kwa kubembelezwa. Ndipo akagundua dawa: kila gari la sinema lilipoonyesha picha uwanjani, kesho yake alipanga vitabu vya mambo hayohayo juu ya meza inayotazama mlango. Sinema ya tembo, vitabu vya wanyama. Watu wakaanza kuja hata kutoka Dadamu, nje ya mji.

Mwaka 1977 ikaja sinema ya mfalme wa zamani, mlafi, aliyefukuzwa na watu wake. Uwanja mzima ulicheka. Asubuhi Celestina akatafuta vitabu tisa vya wafalme, akaandika kadi kwa wino mwekundu: WAFALME WALIOFUKUZWA. Kabla wino haujakauka ikaletwa amri kwamba picha ya Rais itundikwe mahali ambapo kila aingiaye ataiona kwanza. Akagonga msumari ukutani, mkabala na mlango, akaitundika picha juu ya meza ileile, akaendelea na kazi. Mama mwenye macho makali kama yule, siku hiyo hakuona kitu!

Saa nne aliingia sajini. Akatazama picha, akatazama kadi iliyo chini yake. Hapo ndipo Celestina naye alipoona. Mwalimu mmoja alichukuliwa kwa maneno machache kuliko hayo, na hakuonekana tena.

"Mama, hii karatasi iko sema nini?"

Kumbe hajui kusoma. Celestina alimshukuru Mungu, kisha akaogopa zaidi, maana pembeni alikaa Jacques, mchuuzi wa vitenge kutoka Zaire, na gazeti mkononi. Huyo alisoma vizuri sana.

"Iko sema, 'Vitabu ya wakubwa,' afande."

Sajini akamgeukia Jacques. "Wewe, ni kweli?"

Jacques alikunja gazeti polepole. "Ndiyo, afande. Vitabu ya wakubwa."

"Muzuri! Tena umeweka chini ya mukubwa yetu. Kapteni atafurahi." Sajini akaichukua kadi, akaitia mfukoni mwa shati, akaenda zake kambini.

Jacques alikuwa ameshatoka nje na kushika baiskeli. "Mama Celestina, tuende! Kapteni ni mutu ya kusoma. Mupaka iko karibu."

Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake. Celestina alilijua hilo, na alikuwa mwoga kweli siku hiyo. Lakini alirudi mezani. Kila kitabu alikirudisha kwenye rafu yake, kimoja kikimponyoka mara mbili.

"Mama, acha hiyo vitabu!"

"Mariam Poni anakuja kupiga deki saa sita. Iko na watoto wanne. Wakikuta hii meza, watachukua yeye."

Njia nzima ya Vurra, hadi mpakani, hakugeuka nyuma. Alijua akigeuka ataanguka kutoka kwenye baiskeli.

Wiki iliyofuata Jacques alimletea habari ng'ambo ya mpaka. Siku ileile Kapteni alikuja maktaba na askari wanne, kadi mkononi, akamkuta Mariam Poni akipiga deki mbele ya meza tupu. Walipekua rafu zote, kila kitabu kikiwa mahali pake. Wakamwacha.

Celestina, ambaye hakuwa amelia hata siku moja, alikaa chini akalia.