Gesi Hainyonywi kwa Mpira

Mdogo wangu aliniambia gesi imeliua gari langu. Alisema hivyo akiwa amekaa barazani kwangu hapa Handeni, mdomo umejaa wali wangu, na Noah yenyewe imeegeshwa mbele yetu, nzima kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa dereva. Gari hilo hubeba watu wa Handeni na Korogwe kwenda Dar, na ndilo linalotulisha tangu mume wangu afariki. Sasa alitaka ning'oe mtungi wa gesi niliofungiwa na fundi Dar, turudi kwenye petroli tupu.

"Dada, mlimani halivuti. Na abiria wanaogopa, wanasema litalipuka."

Abiria! Nawajua abiria wetu. Mtu anapanda Probox, anakalia dumu la petroli lililozibwa kwa mfuko wa nailoni, jirani yake anavuta sigara, wala hashtuki. Mwonyeshe mtungi wa chuma kinene uliokazwa kwa bolti, ndipo anakumbuka kuwa ana watoto.

Na madereva wa stendi ndio maprofesa wao. Mmoja alinihakikishia kuwa gesi hii na ya kupikia ni kitu kimoja, ikivuja itatambaa chini hadi ipate moto. Nikamwambia gesi ya magari ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu ikapotea. Petroli ndiyo inayobaki chini ikikusubiri. Akacheka, akaniita mama injinia.

Lakini mimi nilikuwa na macho. Injini ilitulia, moshi ulikwisha, oili ilikaa safi muda mrefu. Ni kweli gesi ya kujaza Dar haikufikishi kwetu. Huisha njiani, ukabonyeza swichi ukaendelea na petroli. Hata hivyo, nusu safari ya nafuu ni nafuu. Ila petroli iliendelea kuisha vilevile, na hilo lilinikera.

Basi nilipokwenda Dar kwa shughuli zangu, nilirudi na gari langu mwenyewe, kiti cha mbele. Vilima vyote tulivyokutana navyo kabla gesi haijaisha tulipanda bila shida. Nilimtazama mdogo wangu, naye akatazama barabara.

Tulikuwa na abiria wa Korogwe, kwa hiyo tukapitia Segera. Aliposimama tu, mwanamke anayewauzia bodaboda petroli ya chupa akaja dirishani kwake na mpira wa kunyonyea mafuta na dumu tupu. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta ndala, hakuniona.

"Kaka, leo utanijazia dumu, au bado unanitolea kidogo kidogo kwa sababu ya ligesi lako? Wenzio wote wameshaninyonyea."

Wenzio wote. Kumbe stendi nzima haikuogopa mlipuko hata kidogo. Waliogopa gari ambalo mafuta yake hayaingii kwenye mpira, waoga wakubwa hao, wezi wa petroli ya chupa.

Nikainuka. Yule mama akaniamkia haraka na kuondoka na dumu lake. Mdogo wangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la kawaida:

"Dada, usinielewe vibaya. Hakuna dereva asiyemnyonyea bosi wake."

Nilimlea mgongoni huyu, mama alipokuwa shambani. Nilimnyang'anya ufunguo, nikamwambia ahamie nyuma kwenye mtungi wake, nikaendesha mwenyewe hadi Korogwe. Njia nzima nililia, na sikujali abiria wakiona bosi analia.