Kipande cha Mwisho cha Moyo wa Kaka

Tulimwita Bwana Kofia, maana ukiingia maabara yetu na unywele ukichungulia tu, utamkoma. "Unywele ni protini! Mashine itapima kichwa chako badala ya mgonjwa!" Miaka kumi na minne namsikia. Kero tupu, lakini fundi kwelikweli.

Wiki ile sampuli ilikuwa ya kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Protini zilikuwa zimegandamana moyoni mwake, na daktari alitaka kujua ni protini gani. Zikiwa za aina moja, Jumatatu anaanzishiwa dawa kali. Zikiwa za nyingine, dawa hizo zitammaliza bure. Tulikuwa na vipande viwili tu vya nyama ya moyo, vyembamba kuliko ukucha.

"Niachie mimi," nilimwambia. "Unatetemeka."

"Nitaweza."

Haya bwana. Akachukua kipande cha kwanza, akazikata protini zake kwa kimeng'enya zikawa peptidi, vipande vidogo mno, akazitia mashineni. Mle kila peptidi hupewa chaji ya umeme, hupimwa uzito, hugonganishwa na gesi ivunjike, kisha vipande vyake navyo hupimwa. Kwa uzito huo kompyuta huitambua protini. Ikaleta jibu: keratini, protini ya ngozi na nywele. Keratini tele, imefunika kila kitu! Ngozi ya mtu!

Nikamtazama. Kidevu kilikuwa kimechubuka. Kwa wasiwasi alikuwa akijikuna ndevu asubuhi nzima, na glavu zilezile. Yeye! Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Alikuwa ameketi sakafuni, mtu mzima, analia.

"Toka," nikamwambia. "Kaa nje ya kioo."

Kipande cha mwisho nilikishughulikia mimi, roho mkononi. Saa zote hizo yeye, kule nje ya kioo, hakuketi. Jibu likatoka safi: si ile aina inayotibiwa kwa dawa kali. Ila peptidi moja ilikuwa na uzito usio wa kawaida, alama ya kasoro ya kurithi.

Daktari akamruhusu ampigie kaka mwenyewe. Akaweka spika.

"Kaka, zile dawa huanzi!"

"Afadhali! Sasa naumwa nini?"

"Ni ya kurithi. Watoto wako wapimwe."

Kaka akasema polepole, "Mdogo wangu, mbona unataja watoto tu? Mimi na wewe si tumbo moja?"

Kaka alianza kuumwa akiwa na miaka hamsini na moja. Bwana Kofia alitimiza hamsini mwezi uliopita. Tulimkatia keki pale ofisini.