Jicho Linapopumzika

Karakanani kwetu, tunakochora mabango, mwenzetu aliyesomea uchoraji chuoni tunamwita Digrii, naye anaitika bila kinyongo. Huosha brashi kama anayeogesha kichanga, kisha hurudi nyuma, hufumba jicho moja na kuutazama ukuta mpaka nachoka mimi. Chuo kizima kufundishwa kusimama! Mimi kazi nimeijua kwa kuchafuka.

Juzi mwenye saluni alimuuliza, “Mbona hapa umeacha patupu?”

“Hapo jicho linapumzika, mama.”

Mama akaridhika. Roho iliniuma. Miaka yote nami huacha patupu mahali kama hapo. Nikiulizwa nasema, “Pamekaa vizuri tu,” naambiwa nijaze maua.

Leo mteja wangu naye kauliza. Nikakohoa. “Hapo jicho linapumzika, mzee.”

Akaridhika. Digrii hakugeuka, aliendelea kusuuza brashi, ila mabega yake yalikuwa yanacheka.