Chura Mwenye Pembe na Chumvi ya Bibi

Sikuwahi kumpenda yule chura, na simpendi hata leo ninapomkumbuka. Binti yangu alimnunua kwa muuza wanyama huko Midrand, mwaka 2017, akamweka kwenye sanduku la kioo sebuleni kwetu Malvern, Johannesburg, kando ya meza ya chakula. Mnene, kijani chenye madoa ya kahawia, mdomo umekula nusu ya mwili. Kinyaa kilinishika.

Binti alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza hicho alinieleza, kila nilipotaka kula, kwamba jamii ya vyura hawa inaitwa Ceratophrys, na wote ni wa Amerika ya Kusini. Wa misitu ya Amazon ana pembe ndefu. Huyu wetu, wa mbuga za Argentina na Uruguay, zake ni fupi. Tena si pembe, ni ngozi tu iliyochongoka juu ya macho. Akimeza, macho hudidimia ndani ya kichwa yasukume tonge. Hilo nililiona mwenyewe, mkia wa panya ukining'inia mdomoni mwake. Wali wangu niliuacha.

Kisha mama yangu, asiyejua Kiingereza, akaja kututembelea kutoka Tanga. Hofu yangu ilikuwa bibi na mjukuu kukaa sebule moja bila neno, na ndivyo ilivyokuwa. Bibi alitania, mjukuu alitabasamu na kurudi kwenye simu.

Kwetu Tanga chura akiingia ndani humwagiwa chumvi, maana hujui katumwa na nani. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nakanda unga wa chapati, nikamsikia mama akipiga bismillahi. Nilipotoka, ameshafunua sanduku, mkononi pakiti ya chumvi ya spaza, kiduka cha mtaani. Mgongo wa chura ulikuwa mweupe, unatoa ute, naye anajipangusa kwa miguu.

Binti alitoka chumbani mbio.

"Bibi, acha," alisema. "Yeye hanywi kwa mdomo. Anakunywa kwa ngozi. Chumvi itamuua."

Mama hakujua amshangae chura au mtoto. "Kumbe ulimi unao," alisema polepole, akaiweka pakiti chini.

Binti aliumwaga mezani unga wangu uliokuwa kwenye bakuli, akalijaza maji, akamtumbukiza chura. Akanigeukia. "Mama, mshike, nibadilishe maji."

Miaka yote nimemwomba aniambie jambo moja kwa Kiswahili, na hili ndilo alilochagua. Nikamshika. Tumbo lake lilipwita kiganjani kama ini bichi.

Chura alipona. Bakuli nililitupa siku hiyohiyo. Lakini jioni, wawili hao walipokaa mbele ya kioo wakizungumza habari za macho yanayosukuma tonge, sikuthubutu kuwanyamazisha, nami niko mezani, nakula.