Fundi wa Mlango Wangu

Sikusoma sana, lakini mlango naujua. Aliyenichanganya ni daktari. Aliniambia nina saratani ya mlango wa kizazi, bado changa, ikikatwa mapema imekwisha, nisichelewe. Mimi nililelewa Karagwe, Kinyarwanda changu ni cha sokoni, cha hospitali sina, basi nikalibeba neno lake hilo la Kiswahili nikarudi nalo nyumbani, mtaani kwetu Kabeza.

Ikaja korona. Guma mu rugo, kaa nyumbani, redio asubuhi, redio jioni. Hospitali wakapiga simu: subiri kwanza. Nikasubiri. Waliponiita tena, ruhusa ya kutoka ikawa inaombwa kwa simu, na mkwe wangu, mume wa binti yangu, akaona kizazi cha mama mkwe si kitu cha kuwaandikia polisi. Akaandika naenda kutengeneza mlango. Ikakataliwa. Akaandika tena, mlango ni mgonjwa sana. Ikakataliwa.

Na kweli mlango wa nyumba yangu ni mbovu. Marehemu mume wangu aliununua kwa mtu aliyekuwa anabomoa, haujawahi kufunga, kuku wa jirani wanaingia wanavyotaka. Lakini siyo huo.

Damu ilipozidi nikatoka kwa miguu. Kwenye kizuizi polisi kijana akanisimamisha. Nikamwambia naenda kutibiwa mlango.

“Mukecuru,” akasema, ndivyo wanavyomwita bibi kwa heshima, “fundi ya mbao iko kwake. Rudi.”

Nikasema mlango wenyewe ninao hapa. Akanitazama mikononi, akazunguka akanitazama mgongoni. Nikaona heshima hii itaniua.

“Mjukuu wangu, ni ule mlango uliotokea wewe siku uliyozaliwa.”

Barakoa ilimficha uso, ila macho yalitafuta pa kwenda yakakosa. Akanipakia kwenye gari lao. Majirani wakasema nimekamatwa.

Daktari akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo. Nyumbani, nikamwambia, kama mlivyosema. Ugonjwa ulikuwa umekua, kukata hakutoshi tena, sasa ni mionzi, na hakunidanganya, akasema tutaona.

Nikawa napita pale kwenye kizuizi kwenda kupigwa mionzi, na yule polisi hakosi kuniuliza mbele za watu, “Mukecuru, mlango iko aje?”

Namjibu bawaba zinaanza kushika. Siku moja mama mmoja kwenye foleni ya kizuizi akaniomba namba ya fundi. Nikampa ya daktari.