Suti ya Jasho ya Shemasi Pil-gyu

Shemasi Pil-gyu alianza kuvaa suti ya jasho mwezi wa saba, joto la jiji la Daegu, Korea, lilipokuwa limepamba moto. Ilikuwa nguo nyeusi ya nailoni, yenye mpira mikononi na shingoni; wazee wa mtaa huivaa wakipanda kilima kupunguza vitambi. Yeye tatizo lake lilikuwa presha. Aliamini chumvi ikitoka na jasho, presha nayo inashuka.

Mkewe, Ok-bun, hakuwa na amani. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia, "Mama, mishipa ya mtu wa presha haitanuki vizuri. Damu haifiki ya kutosha kwenye ngozi ikapoe, joto linabaki ndani. Na kile kidonge cha kukojoa kinamkausha. Atembee alfajiri, na nguo nyepesi."

Siku moja, saa nne asubuhi, Ok-bun alimkuta mumewe mlangoni anafunga zipu.

"Baba Eun-mi, vua hilo plastiki."

"Nivue, Jong-tak anicheke? Jana kaniita kuku wa supu, eti nimepumzika mara mbili."

"Kuku wa supu anapikwa mara moja. Wewe unajipika kila siku!"

"Wewe niombee tu, mama."

Akaomba, lakini maneno yakamkatika katikati. Akabeba chupa mbili za maji, akamfuata mbiombio.

Nyenje walikuwa wanapiga kelele msitu mzima. Alimkuta juu ya kilima, penye vyuma vya mazoezi, ameketi chini. Jong-tak, rafiki yake wa miaka thelathini, alikuwa anampepea kwa kofia huku akimtania, "Inuka, komando!"

Uso wa Pil-gyu ulikuwa mwekundu, paji la uso kavu kabisa. Akamtazama mkewe.

"Dada, basi limeshapita?"

Kicheko cha Jong-tak kikakatika.

Ok-bun akavuta zipu. Mvuke ukamjia usoni kama wa sufuria ya wali. Jasho lote lilikuwa limetuama ndani, halikumpoza hata kidogo.

"Piga simu! Mmwagie maji, shingoni, kwapani! Ee Bwana, usimchukue!"

Waokoaji walichukua dakika ishirini kupanda ngazi za kilima. Hospitali walimfunika kwa barafu, joto likashuka, lakini figo zilikuwa zimegoma. Siku ya tatu, Jumapili, kabla ya ibada ya pili, Bwana akamchukua.

Msibani Jong-tak aliweka ua jeupe mbele ya picha ya marehemu, asiweze kuinua kichwa.

"Shemeji, ni mdomo wangu huu."

Ok-bun alikuwa anamtazama shingo, penye alama nyekundu ya mpira.

"Na wewe una suti ya jasho?"

"Ninayo."

"Na presha?"

"Vidonge viwili kwa siku."

"Haya, kaa ule wali," akasema Ok-bun, akimsogezea bakuli. "Ukimaliza, nenda ukaniletee hiyo suti. Leo hii, shemeji. Nakusubiri hapa hapa."