Gari Lisilonywa Oili

Kila Jumapili asubuhi, kabla jua halijashika bati, mkunga alitoka na shali mabegani kwenda kumpimia marehemu oili.

Ndivyo kinyozi alivyoliita jambo lile moyoni mwake, ingawa kilichopimwa kilikuwa gari: kagari kadogo keupe, kenye mlango mmoja uliopauka kuliko mingine, gari aliloachiwa mkewe na marehemu mume wake wa kwanza. Kinyozi alisimama dirishani na kikombe cha chai mkononi, akatazama. Alijua kila hatua. Mkewe angeinua boneti na kuiegemeza kwenye fimbo yake. Angechomoa kile kijiti chembamba cha chuma, akifute kwa kitambaa, akirudishe mpaka chini, kisha akitoe tena taratibu na kukiinua kwenye mwanga. Hapo angeinamisha kichwa kidogo, midomo ikiachana, atazame ute ule wa oili umefika wapi kati ya alama ya chini na ya juu.

Kinyozi hakukumbuka kutazamwa hivyo hata siku ya ndoa yao.

Na kile kitambaa! Kilikuwa kipande cha shati la buluu lenye mistari, tundu la kifungo bado liko. Shati la nani, hakuhitaji kuuliza.

"Imo palepale," mkunga alisema akiingia ndani, ananawa mikono. "Gari hili halinywi oili, nakuambia. Mwenyewe alijua kulitunza."

Mwenyewe. Mwanamume amezikwa miaka imepita, na bado yeye ndiye mwenyewe. Kinyozi aliyelipaka geti rangi, aliyeziba paa, aliyelala upande wa kitanda unaopigwa na upepo, yeye alikuwa nani? Mpangaji?

Haikuishia hapo. Jumapili hizohizo alikuja mama wa marehemu, bibi mkavu kama kuni, ili mkwewe ampeleke kumwona dada yake. Hakusalimia mtu kabla ya kuliwekea gari kiganja juu ya boneti.

"Bado halinywi, mwanangu?"

"Halinywi, mama."

"Mwanangu alikuwa na mkono." Kisha angemtupia kinyozi jicho. "Na wewe hujambo? Mkono wako wa kunyoa haujambo?"

"Haujambo, mama. Siku ukitaka kupunguza kidogo, karibu."

Bibi hakucheka. Mkunga alicheka, na kicheko chake kilimuuma kinyozi kuliko kile ambacho bibi alimnyima.

Alikwisha kujaribu njia ya maneno. Jioni moja, wamekaa, alisema hilo gari limechakaa, liuzwe, watafute jingine la kwao wawili. Mkunga aliendelea kukunja sare zake nyeupe. "Siku likianza kunywa oili nitaliuza. Siku hiyo usiniulize mara mbili."

Maneno yale yalimwingia kinyozi yakapata kiti, yakakaa.

Ijumaa iliyofuata, mkewe alipokuwa amelala baada ya zamu ya usiku, kinyozi alifunga kibanda chake katikati ya asubuhi, akamwambia mteja aliyenyolewa nusu kwamba anakwenda msalani, akarudi nyumbani. Alikuwa na bomba kubwa la sindano aliloliokota kwenye kisanduku cha vifaa vya mkewe, na kipande cha mpira mwembamba wa dripu. Aliuingiza mpira ule kwenye shimo la kijiti, akavuta. Oili ilipanda polepole, nyeusi tii, kama inayoona haya. Alivuta tena na tena, akaimimina kwenye chupa. Kwa kuwa hakujua pa kuitupa, alizinyunyizia bawaba za geti, iliyobaki akaificha nyuma ya tangi la maji.

Alikirudisha kijiti mahali pake, akafunga boneti. Alijiambia hafanyi ubaya. Anamsaidia tu marehemu kufa.

Jumapili, alisimama dirishani hata chai hakuionja.

"Imo palepale," mkunga alisema. Kisha, akijipangusa: "Na geti limeacha kulia. Umeona?"

"Kutu imechoka," kinyozi alijibu.

Ijumaa nyingine alivuta zaidi. Jumapili imo palepale. Akavuta tena, imo palepale. Wiki zilikwenda, chupa nyuma ya tangi zikaongezeka, bawaba za nyumba nzima zikalainika, na kijiti kilitoka kila Jumapili kimelowa mpaka alama ya juu. Kinyozi alianza kuliogopa gari. Usingizi ulimtoka. Aliwaza habari za mwanamume aliyekufa na bado anakuja kulijaza gari lake, anamtazama yeye, na kumcheka kwa sauti ya chini. Wivu juu ya mtu aliye hai una pa kushika. Utamvizia, utamtukana, mtakunjana mashati. Huyu ungemshika wapi?

Mwisho alichukua chupa moja, akampelekea fundi magari wa karibu na kibanda chake.

"Fundi, gari linaweza kuzidisha oili lenyewe?"

"Linazaa?" Fundi alitoka chini ya gari la watu, akaangua kicheko. "Kinyozi, nywele zinaota, oili haioti. Labda lako lina mimba, na mkeo mkunga, umepata bahati."

"Nauliza kweli, kaka."

Fundi aliiinua chupa juani. "Hii umeitoa lini?"

"Ijumaa iliyopita."

"Na ya kwanza kabisa ilikuwaje?"

"Nyeusi. Tii."

"Hii ni asali, ndugu yangu. Oili ikikaa ndani inazidi kuwa nyeusi, haisafiki kwa uzee. Kuna mtu anatia mpya." Alimrudishia chupa, sasa bila kicheko. "Ni nani, utajua mwenyewe."

Kinyozi alitoka pale masikio yakivuma. Kwa hiyo si mzimu. Ni mtu, na ana mikono na chupa ya oili, na anajua saa za mkewe. Dereva wa gari la wagonjwa? Yule mrefu anayecheka ovyo? Wivu uliokuwa ukizunguka kaburi ulipata mwili wenye damu, na ajabu ni kwamba alihisi nafuu kidogo, kama mtu aliyetumbuliwa jipu.

Jumamosi asubuhi, zamu ya usiku ya mkewe ilipokaribia kwisha, alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa kufulia wa hospitali, macho kwenye uwanja wa magari. Jana yake, Ijumaa, alikuwa amevuta oili nyingi kuliko siku zote.

Mkunga alitoka peke yake. Sare imekunjamana, viatu akiviburuza. Alifungua buti, akanyanyua tairi la akiba, akatoa galoni ndogo na chupa ya dripu iliyokatwa kitako ikawa faneli ya kumiminia. Alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakitazama, akatikisa kichwa. Hakuja mtu. Dereva mrefu alipita mbali, hakugeuka hata.

"Haya, mlevi wewe," alisema akizungusha kifuniko cha oili. "Fungua kinywa. Utaniaibisha kwa mama yako."

Kinyozi alisogea bila kujua amesogea. Kokoto zikalia.

Mkunga aliinua macho. Hakushtuka. Alirudisha kifuniko, akakaza.

"Ingia twende nyumbani," alisema. "Au umekuja kuchota?"

Walipotoka barabara kubwa, kinyozi aliuliza:

"Umejua lini?"

"Geti lilipoacha kulia. Mwanamume hapaki bawaba oili bila kujisifu wiki nzima." Alibadilisha gia. "Nikataka nione utachota mpaka lini."

"Na kabla yangu? Lilikuwa linakunywa?"

"Tangu siku ya kwanza. Marehemu alikuwa akipima injini ikiwa ya moto, gari limeinama kwenye mteremko, kijiti kinamdanganya, kisha anatangazia mtaa mzima kwamba lake halinywi. Hata mama yake akajisifia hivyo. Ningemwambia nini? Nilikuwa natia akiwa kazini. Alipokufa, bibi akabaki na sifa hiyo moja ya mwanawe. Nikaendelea kutia."

Kinyozi alitazama nje. Mtu aliyemwonea wivu miaka yote hakuwepo. Palikuwa na mwanamume mmoja asiyejua kusoma kijiti, na mwanamke aliyemfichia. Ilipasa apumue. Badala yake wivu mpya ulimjia: hakuna aliyewahi kumfichia yeye aibu kwa miaka mingi namna ile.

"Kesho utatia wewe," mkunga alisema. "Umelikausha."

Lakini kesho yake bibi aliwahi. Galoni ilikuwa bado chini ya tairi la akiba.

"Leo anipimie huyu," alisema, kiganja juu ya boneti. "Nione kama ana macho."

Mkunga alikuwa mlangoni na shali lake. Kinyozi alichomoa kijiti, akakifuta kwa shati la buluu, akakirudisha, akakitoa. Oili ililowesha ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini. Ukweli wote aliokuwa akiuvuta kwa bomba Ijumaa baada ya Ijumaa ulikuwa mkononi mwake, unang'aa, na mwenye kuumia nao alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwake, macho yamefifia, anasubiri.

"Je?"

Kinyozi alikizamisha kijiti tena.

"Imo palepale, mama. Alikuwa na mkono."

Bibi alishusha pumzi. "Nilijua mimi."

"Ingia kwanza unywe chai, mama. Bado ya moto," kinyozi alisema.

Mkunga alimshika bibi mkono, na kabla ya kugeuka alimtazama mumewe, kichwa kimeinama kidogo, midomo imeachana. Mlango ulifungwa kimya juu ya bawaba zake.

Kinyozi alifungua buti. Alipomaliza kupachika ile chupa ya dripu, aliinama karibu na injini.

"Kunywa, ndugu yangu," alinong'ona. "Ila ujue siku nikifa atataka kuniinamia mimi hivyohivyo, nami sitakuwa na gari la kumwachia."